Ukarabati wa konsoli za michezo ya video

Ukarabati wa konsoli za michezo ya video ni kazi ya kutafuta hitilafu na kutengeneza mashine zinazounganishwa na televisheni kwa ajili ya kucheza michezo ya video, kama vile PlayStation, Xbox na zile za kampuni ya Nintendo. Nchini Tanzania mashine hizo huitwa kwa kawaida "gemu" au "mashine za gemu", na kifaa cha mkononi cha kuchezea huitwa "pedi". Kazi hiyo hufanywa na mafundi wa redio, simu na televisheni, lakini sehemu yake kubwa inaweza kufanyika nyumbani kwa vifaa vichache.

Katika maeneo yanayozunguka Mlima Meru, kwa mfano kata ya Oldonyo Sambu mkoani Arusha, hitilafu nyingi hutokana na mambo matatu: vumbi, umeme usio tulivu na joto ndani ya mashine. Nyingi kati ya hizo zinaweza kurekebishwa na mwenye mashine mwenyewe. Nyingine zinahitaji fundi mwenye vifaa vya kulehemu, na chache ni za hatari kwa mtu asiye na mafunzo, hasa zile za sehemu inayopokea umeme wa ukutani.

Historia

Konsoli ya kwanza kuuzwa kwa ajili ya matumizi ya nyumbani ilikuwa Magnavox Odyssey, iliyotokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer na kutolewa Marekani mwaka 1972. Nintendo ilitoa Famicom nchini Japani mwaka 1983, na mashine za kuiga Famicom zilienea katika nchi nyingi ambako mashine halisi haikuuzwa.

Kucheza gemu kulihitaji televisheni. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza mwaka 1994. Mwaka huohuo, tarehe 3 Desemba, kampuni ya Sony ilitoa PlayStation ya kwanza nchini Japani. Kwa hiyo televisheni na mashine hizo ziliingia katika nyumba nyingi za Tanzania Bara ndani ya kipindi kimoja.

PlayStation 2, iliyotolewa tarehe 4 Machi 2000, iliuzwa zaidi ya nakala milioni 155 duniani, na utengenezaji wake ulikoma mwaka 2013. Tangu hapo mashine inayoharibika imekuwa ikirekebishwa kwa vipuri vilivyobaki madukani au vilivyotolewa katika mashine nyingine zilizokufa.

Mashine nyingi hutumika katika vibanda vya gemu. Kibanda huwa na televisheni kadhaa, na mteja hulipa kwa mchezo mmoja au kwa muda, mara nyingi akicheza michezo ya mpira wa miguu. Mashine ya kibandani huwaka karibu kutwa nzima na pedi zake hushikwa na watu wengi, hivyo huchakaa haraka kuliko ya nyumbani. Ikiharibika, mapato ya mwenye kibanda husimama mpaka itengenezwe.

Mazingira ya Oldonyo Sambu na Arusha

Oldonyo Sambu iko kwenye barabara kuu inayotoka Arusha kwenda Namanga, kwenye mpaka wa Tanzania na Kenya, upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Meru. Neno "oldoinyo" katika lugha ya Kimaasai lina maana ya mlima. Mlima Meru una kimo cha zaidi ya mita 4,500, nao huzuia sehemu ya mvua inayoletwa na pepo kutoka Bahari Hindi. Kwa sababu hiyo miteremko ya kusini na mashariki, kama vile Tengeru na Usa River, ni ya kijani, ilhali upande wa kaskazini na magharibi ni mkavu.

Udongo wa eneo hilo umetokana na majivu na mawe ya volkeno. Wakati wa kiangazi upepo, magari na mifugo huinua vumbi laini linaloingia ndani ya nyumba hata milango ikiwa imefungwa. Feni ya konsoli huvuta hewa muda wote mashine ikiwa imewaka, hivyo huvuta pia vumbi hilo na kulijaza katikati ya mapezi ya kipoza joto. Vumbi huganda pia kwenye lenzi ya kusomea diski na kwenye reli inayopitia lenzi hiyo.

Katika sehemu za miinuko hewa ni nyepesi kuliko pwani, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo zaidi. Baridi ya Arusha hufidia upungufu huo kwa kiasi, lakini mashine iliyowekwa ndani ya kabati au karibu na ukuta bado hupata joto kali.

Sababu nyingine ya hitilafu ni umeme. Umeme unapokatika na kurudi ghafla, volteji inaweza kupanda kwa muda mfupi au kuwa chini kwa muda mrefu. Hali zote mbili huumiza sehemu ya umeme ya mashine. Kukatika kwa umeme wakati mashine inaandika taarifa kwenye diski yake kuu kunaweza pia kuharibu programu yake.

Vipuri vya mashine hupatikana katika maduka ya vifaa vya kielektroniki jijini Arusha. Mafundi huagiza pia kutoka Kariakoo jijini Dar es Salaam, au kutoka Nairobi, ambako barabara ya Luthuli inajulikana kwa maduka ya vifaa vya aina hiyo.

Vifaa vinavyohitajika

Kwa kazi za nyumbani vifaa vifuatavyo hutosha:

- bisibisi za nyota za ukubwa mbalimbali;
- bisibisi za Torx zenye tundu katikati, zinazohitajika kwa PlayStation 4 na Xbox;
- bisibisi ya pembe tatu, inayohitajika kwa mashine nyingi za Nintendo;
- brashi laini, kama mswaki mpya au brashi ya rangi;
- alkoholi ya isopropili, au spiriti safi isiyo na rangi wala mafuta;
- pasta ya joto, ambayo hupakwa kati ya prosesa na kipoza joto;
- mita ya kupimia umeme;
- pamba au kitambaa kisichoacha nyuzi;
- vikombe vidogo au karatasi ya kupangia skrubu.

Skrubu za konsoli moja hazilingani urefu. Skrubu ndefu ikirudishwa mahali pa fupi inaweza kutoboa bodi ya saketi. Kwa hiyo ni kawaida kuchora umbo la mashine kwenye karatasi na kuchomeka kila skrubu mahali ilipotoka, au kupiga picha kwa simu katika kila hatua.

Usalama

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Ndani ya sehemu ya umeme ya konsoli, umeme huo hugeuzwa na kuhifadhiwa katika kapasita kubwa kwa kiwango cha takriban volti 325. Kapasita hiyo inaweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na mshtuko wake unaweza kuua. Kwa sababu hiyo boksi la umeme halifunguliwi nyumbani. Katika mashine nyingi boksi hilo linaweza kutolewa likiwa zima na kubadilishwa na jingine.

Tahadhari nyingine ni hizi:

- Plagi huchomolewa ukutani kabla ya kufungua skrubu yoyote. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, kwa sababu mashine nyingi huendelea kupata umeme zikiwa zimelala.
- Fyuzi iliyoungua haiungwi kwa uzi wa waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi hukatika ili kuzuia moto, na iliyokatika mara nyingi ni dalili ya hitilafu nyingine.
- Lenzi haiangaliwi kwa jicho mashine ikiwa wazi na imewaka. Miale ya leza inayosoma CD haionekani vizuri kwa macho, lakini inaweza kuumiza jicho.
- Betri ya pedi isiyo na waya ni ya lithiamu. Ikivimba haitobolewi, haibanwi wala haichajiwi tena.
- Kazi ya kulehemu hufanyika mahali penye hewa ya kutosha, na mikono huoshwa kabla ya kula, kwa kuwa lehemu nyingi zina madini ya risasi.
- Watoto hawaachwi karibu na mashine iliyofunguliwa.

Kutafuta hitilafu

Hatua ya kwanza ni kukagua vitu vilivyo nje ya mashine, kwa sababu ndivyo rahisi kubadilisha. Soketi ya ukutani hujaribiwa kwa taa au chaja ya simu. Waya wa umeme wa PlayStation 2 na PlayStation 4 ya kwanza ni wa matundu mawili yenye umbo la namba nane, sawa na ule wa redio nyingi, hivyo unaweza kujaribiwa kwa kuazima waya wa redio. Waya wa picha hujaribiwa kwa kutumia waya mwingine, kisha televisheni nyingine.

Hatua ya pili ni kusoma taa za mashine. Kwenye Xbox 360, taa nne nyekundu humaanisha waya wa picha haujaunganishwa sawasawa, mbili humaanisha joto limezidi, na tatu humaanisha hitilafu ya ndani. Kwenye PlayStation 4, taa nyekundu ni dalili ya joto kuzidi. Taa ya buluu inayowaka na kufifia bila kugeuka nyeupe huonyesha kwamba mashine imeshindwa kukamilisha kuwaka. Taa nyeupe bila picha yoyote mara nyingi huelekeza kwenye tundu la HDMI au waya wake.

Hatua ya tatu ni kuuliza mashine ilikuwa wapi na ilifanya nini kabla ya kuharibika. Mashine iliyozimika baada ya umeme kurudi ghafla huchunguzwa sehemu ya umeme. Iliyoanza kwa kunguruma sana na kujizima baada ya dakika chache huchunguzwa feni na pasta. Iliyoanguka huchunguzwa matundu ya waya, diski kuu na nyaya bapa za ndani.

Mambo yanayodhaniwa kuwa hitilafu

Baadhi ya mashine zinazouzwa zikiwa zimetumika zilitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine. Mashine ya Japani au Marekani hutoa picha kwa mfumo wa NTSC, ilhali televisheni za zamani za Tanzania zilitumia mfumo wa PAL. Ikiunganishwa na televisheni ya namna hiyo, picha inaweza kuwa nyeusi na nyeupe au kupanda na kushuka bila kutulia. Mashine huwa haijaharibika.

Vilevile PlayStation 1 na 2 za Japani hukataa diski zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya. Mnunuzi anaweza kubadilisha lenzi bila faida, wakati tatizo ni kutolingana kwa kanda za mauzo.

Hitilafu za kawaida

Joto na kelele

Kelele kubwa ya feni ndiyo dalili ya kawaida ya mashine inayopata joto. Kazi ya nyumbani huanza kwa kufungua kifuniko, kutoa feni na kusafisha mapezi ya kipoza joto kwa brashi. Feni hushikwa kwa kidole isizunguke wakati wa kupulizwa, kwa kuwa feni inayozungushwa kwa upepo mkali inaweza kuharibika au kurudisha umeme kwenye bodi. Kupuliza kwa mdomo hakufai kwa sababu huingiza unyevu.

Pasta ya joto hukauka baada ya miaka kadhaa na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Ya zamani hufutwa kwa spiriti mpaka sehemu zote mbili zing'ae, kisha mpya hupakwa kwa kiasi cha tabaka jembamba. Pasta ikizidi haipozi vizuri zaidi.

PlayStation 5, iliyotolewa mwaka 2020, haitumii pasta ya kawaida bali metali ya majimaji. Metali hiyo hupitisha umeme na hula aluminiamu. Ikimwagika juu ya bodi inaweza kuua mashine, hivyo kazi ya kuondoa kipoza joto cha mashine hiyo haifai kufanyika nyumbani. Kutoa vumbi kupitia vifuniko vya nje kunaruhusiwa na mtengenezaji.

Mashine isiyowaka

Ikiwa soketi na waya ni vizima, kinachofuata ni adapta au boksi la umeme. PlayStation 2 nyembamba za mwanzo hutumia adapta ya nje ya volti 8.5, ambayo inaweza kupimwa kwa mita bila kufungua chochote. Adapta ya volti tofauti haiwekwi hata kama kichwa chake kinaingia. Aina za mwisho za PlayStation 2 nyembamba zina boksi la umeme ndani.

Chanzo kimoja cha vifo vya mashine ni kuchomeka mashine ya Japani, iliyotengenezwa kwa volti 100, kwenye umeme wa volti 230. Fyuzi hukatika mara moja, na kapasita zilizotengenezwa kwa umeme wa chini huweza kupasuka. Maandishi yaliyo nyuma au chini ya mashine huonyesha umeme unaokubalika. Yakisomeka "100–240V", mashine inafaa kwa umeme wa Tanzania. Yakisomeka "100V" au "120V" pekee, inahitajika transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa wati unaozidi matumizi ya mashine.

Mashine isiyosoma diski

Diski yenyewe huoshwa na kufutwa kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha hujaribiwa nyingine. Ikiwa zote hazisomwi, lenzi husafishwa taratibu kwa pamba yenye spiriti kidogo, na reli hufutwa na kupakwa grisi nyeupe kidogo. Mafuta ya kupikia hayatumiki kwa sababu hunasa vumbi.

PlayStation za kwanza zilijulikana kwa kusoma diski zikiwa zimegeuzwa juu chini au kusimamishwa kwa ubavu. Sababu ilikuwa kuchakaa kwa reli ya plastiki, kulikozidishwa na joto la sehemu ya umeme iliyokuwa karibu. Kuigeuza kulibadilisha mahali lenzi ilipolalia, lakini hakukurekebisha kilichochakaa.

Baadhi ya mafundi huzungusha kidhibiti kidogo kilicho kando ya lenzi ili kuongeza nguvu ya leza. Njia hiyo inaweza kurudisha usomaji kwa muda, lakini hufupisha maisha ya lenzi.

Kwenye PlayStation 3, PlayStation 4 na Xbox 360, saketi ya kisoma diski imefungamanishwa na bodi kuu ya mashine kwa namba za siri. Kisoma diski kizima kikitolewa katika mashine nyingine hakitasoma michezo. Kinachobadilishwa ni lenzi au mitambo yake, na saketi ya awali hubaki na mashine yake. Mnunuzi asiyejua jambo hilo anaweza kulipia kipuri kizima kisichofanya kazi.

Kukosa picha

Tundu la HDMI lina pini 19 ndogo ambazo hupinda waya unaposukumwa kwa nguvu au mashine inapovutwa kwa waya. Ukaguzi hufanyika kwa tochi ya simu. Kubadilisha tundu hilo huhitaji mashine ya hewa ya moto na mkono uliozoea, kwa sababu bodi kuu hunyonya joto jingi na njia zake za shaba hung'oka kwa urahisi. Hii ni kazi ya fundi.

Kabla ya kumpelekea fundi, PlayStation 4 hujaribiwa kuwashwa kwa hali ya usalama: kitufe cha kuwashia hushikiliwa kwa takriban sekunde saba mpaka isikike mlio wa pili. Ikiwa picha inatokea katika hali hiyo, tundu ni zima na tatizo liko kwenye mipangilio au programu.

Diski kuu na programu

PlayStation 3 na PlayStation 4 hutumia diski kuu za kawaida za inchi 2.5, sawa na za kompyuta za mkononi, na Sony iliruhusu wateja kuzibadilisha. Baada ya kuweka mpya, programu ya mashine hupakuliwa kwenye kompyuta, huwekwa kwenye kifaa cha USB katika folda zenye majina yaliyoelekezwa na mtengenezaji, kisha husakinishwa kupitia hali ya usalama. Faili hilo ni kubwa, hivyo anayetumia bando la simu hulazimika kulipanga mapema. Michezo iliyohifadhiwa kwenye diski ya zamani hupotea isipokuwa ilinakiliwa kwanza.

Pedi

Pedi ndiyo kifaa kinachoharibika mara nyingi zaidi. Vitufe visivyoitika hutokana na uchafu kwenye mipira yenye kaboni au kwenye karatasi laini ya saketi iliyo chini yake, na mara nyingi hupona kwa kusafishwa kwa spiriti. Kijiti kinachosogeza mchezaji bila kuguswa kimechakaa ndani ya vipima mzunguko vyake. Kukisafisha husaidia kwa muda, na dawa ya kudumu ni kukibadilisha kwa kulehemu kipya. Vipo vijiti vinavyotumia sumaku badala ya msuguano, ambavyo havichakai kwa namna hiyo.

Tundu la kuchajia la pedi ya PlayStation 4 liko kwenye bodi ndogo ya peke yake, iliyounganishwa kwa waya bapa. Inaweza kubadilishwa bila kulehemu, lakini zipo aina zenye njia 12 na zenye njia 14, na hazibadilishani.

Kuchoma bodi kwenye oveni

Njia inayosimuliwa sana ni kutoa bodi kuu ya mashine iliyokufa na kuipasha moto kwenye oveni au kwa mashine ya hewa ya moto, kwa nia ya kuyeyusha lehemu iliyopasuka chini ya prosesa. Ilipata umaarufu kutokana na hitilafu ya Xbox 360, iliyotolewa mwaka 2005. Mwezi Julai 2007 kampuni ya Microsoft iliongeza udhamini wa hitilafu hiyo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa gharama zake.

Lehemu isiyo na risasi, iliyoenea baada ya Umoja wa Ulaya kuzuia risasi katika vifaa vingi vya kielektroniki tangu tarehe 1 Julai 2006, huyeyuka kwa takriban nyuzi 217 za selsiasi. Lehemu ya zamani yenye risasi huyeyuka kwa takriban nyuzi 183. Hata hivyo, Microsoft ilieleza baadaye kwamba katika Xbox 360 viunganisho vilivyokatika vilikuwa ndani ya chipu yenyewe, kutokana na kupashwa joto na kupoa mara nyingi. Joto la oveni hutanua viunganisho hivyo na kuvigusanisha tena kwa siku au wiki chache, kisha hitilafu hurudi.

Njia hiyo ina madhara mengine. Moshi wa plastiki na kemikali za bodi ni sumu, na oveni iliyotumika hivyo haifai tena kupikia chakula. Kapasita zinaweza kupasuka, na mashine ambayo fundi angeweza kuitengeneza huwa haitengenezeki tena. Mashine iliyoamshwa kwa oveni na kuuzwa kama nzima humwachia mnunuzi hasara.

Matumizi ya sola

Katika kaya zisizounganishwa na gridi, mashine huendeshwa kwa betri ya sola na inveta. Adapta ya PlayStation 2 nyembamba ya mwanzo hutoa wati 48 kwa kiwango cha juu, ilhali PlayStation 3 za kwanza hutumia zaidi ya wati 150. Mahitaji ya televisheni huongezwa juu ya hapo. Inveta ndogo inayozidiwa hushusha volteji, na mashine hujizima katikati ya mchezo kama iliyoharibika. Kwa hiyo katika nyumba yenye sola, inveta na betri hupimwa kabla ya kufungua mashine.

Mafundi na mafunzo

Mafundi wengi wa mitaani hujifunza kwa kukaa na fundi mzoefu, wakianza na kufungua skrubu na kusafisha, kisha kulehemu. Mafunzo rasmi ya umeme na elektroniki hutolewa na vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na na Chuo cha Ufundi Arusha.

Mteja anayepeleka mashine kwa fundi hushauriwa kuandika namba yake ya utambulisho, kutoa diski iliyomo, kueleza dalili zote na majaribio yaliyokwisha kufanywa, na kuomba arudishiwe kipuri kilichotolewa. Mashine iliyokwisha kufunguliwa na watu kadhaa huwa ngumu kutengeneza, kwa sababu hitilafu ya kwanza huwa imefunikwa na nyingine zilizoletwa na majaribio.

Sheria

Watengenezaji wengi huweka karatasi ya muhuri juu ya skrubu yenye onyo kwamba kufungua kunafuta udhamini. Mwaka 2018 tume ya biashara ya Marekani ilizionya kampuni kadhaa, zikiwemo Sony, Microsoft na Nintendo, kuhusu maonyo ya namna hiyo. Mwaka 2021 ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo iliruhusu kuvunja kinga za programu kwa ajili ya kutengeneza visoma diski vya konsoli, ingawa haikuruhusu kwa ajili ya kucheza nakala haramu.

Tanzania ina sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo hulinda pia programu za kompyuta. Kutengeneza mashine iliyoharibika na kunakili michezo bila ruhusa ni mambo mawili tofauti, hata kama mara nyingi hufanywa kwenye meza moja.

Taka

Mashine isiyotengenezeka ina shaba, risasi na plastiki zenye kemikali za kuzuia moto. Kuichoma ili kupata shaba hutoa moshi wenye sumu, na kuitupa korongoni hupeleka madini hayo kwenye maji. Kwa kawaida fundi huihifadhi kama chanzo cha vipuri: feni, skrubu, matundu, mipira ya pedi na boksi la umeme huweza kuhamia mashine nyingine. Betri za lithiamu hutenganishwa na taka nyingine.

Matunzo

Katika mazingira ya vumbi, hatua zifuatazo hupunguza hitilafu:

- kuweka mashine juu ya meza, si sakafuni wala juu ya zulia, na kuacha nafasi ya sentimita kadhaa pande zote;
- kuifunika kwa kitambaa ikiwa imezimwa na imepoa, na kuondoa kitambaa kabla ya kuiwasha;
- kusafisha matundu ya hewa kila wiki wakati wa kiangazi, na kufungua ndani angalau mara moja kwa mwaka;
- kuichomoa ukutani umeme unapokatika, na kusubiri dakika chache baada ya kurudi kabla ya kuichomeka;
- kutumia kifaa cha kulinda friji au stabilaiza chenye uwezo wa kutosha;
- kutokuiwasha mara moja inapotoka kwenye baridi ya nje usiku na kuingizwa chumba chenye joto, ili unyevu ukauke kwanza.

Hatua hizo hugharimu kidogo kuliko kipuri kimoja, na kwa mashine ambazo utengenezaji wake umekoma, kama PlayStation 2, ndizo zinazoamua mashine itaendelea kutumika kwa muda gani.